Maji ya Ziwa Victoria Hayajalistaafisha Bwawa la Igombe

Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora kwa kupitia Nzega, na tawi lake likaenda Igunga, watu wengi wamebadili namna wanavyoyazungumzia mabwawa ya zamani. Igombe na Kazima, yaliyoinywesha Manispaa ya Tabora kwa miongo mingi, sasa yanatajwa kama wazee waliokwisha kupokea kiinua mgongo: tunayashukuru, tunayapa heshima yake, kisha tunaendelea na mengine. Kauli hiyo nimeisikia sokoni, kwenye vijiwe vya kahawa na hata kwa watu wenye dhamana ya kupanga bajeti. Naona imejengwa juu ya kosa. Hatari ya bwawa haikai kwenye bomba linalopeleka maji mjini, inakaa kwenye maji yaliyolala nyuma ya tuta. Zima pampu zote kesho, maji hayo bado yapo, uzito wake ni uleule, na wanaolima na kulala chini ya tuta ni walewale. Ndiyo maana nashikilia kwamba bwawa la udongo lililopunguziwa kazi linastahili kukaguliwa kwa makini zaidi kuliko lilipokuwa likitegemewa kila siku. Kazi ikipungua, wa kwanza kuondoka ni wale waliokuwa wakilitazama.

Tabora imekaa kwenye uwanda ambao karibu na mji hauna mto mkubwa unaotiririka mwaka mzima. Mvua huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei mwanzoni, kisha hufuata kiangazi kirefu ambacho mito hubaki mchanga na madimbwi. Aliyetaka maji ya kutosha mji mzima mwezi wa Septemba alilazimika kuyazuia ya Februari. Ndipo yakajengwa matuta ya udongo kwenye mabonde: Kazima, kisha Igombe katika miaka ya 1950, Bulenya kule Igunga, Uchama kule Nzega, Mwanzugi kwa ajili ya mpunga, na malambo ya kunyweshea ng'ombe ambayo majina yake hayajulikani nje ya kijiji. Ulikuwa uamuzi wa busara. Udongo ulikuwepo palepale, saruji ilikuwa ghali na ya kusafirishwa mbali, na hata leo mabwawa mengi makubwa duniani ni ya udongo. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilieleza kuwa sehemu kubwa ya mabwawa makubwa yapatayo 58,700 duniani ilijengwa kati ya 1930 na 1970, kwa makadirio ya kudumu miaka 50 hadi 100. Igombe ni rika lao. Makala haya hayadai kwamba tuta la Igombe ni bovu au kwamba kuna mtu anapaswa kuhama usiku huu. Yanadai kwamba bwawa la umri huo, likiwa zima au likiwa gonjwa, hujulikana hali yake kwa kukaguliwa tu.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kujua tuta la udongo hufa vipi. Tafiti za kimataifa juu ya mabwawa ya udongo yaliyobomoka zinaonyesha kuwa karibu nusu yalipitiwa na maji juu ya kilele, na karibu nusu nyingine yaliliwa na maji kutoka ndani. Mteremko kuteleza, tetemeko na sababu nyingine huchukua sehemu ndogo iliyobaki. Njia ya kwanza ni rahisi kuiona. Ukuta wa zege unaweza kuvumilia maji yakipita juu yake kwa saa kadhaa, lakini udongo hauwezi. Maji yanayofika kileleni hutafuta mahali palipo chini kidogo, na mara nyingi ni pale ng'ombe walipozoea kuvukia wakapachimba kwa kwato. Yakishapata hapo, huchimba mfereji, mfereji unakuwa korongo, na ndani ya saa chache tuta limekatika. Kinachozuia hayo ni utoro wa maji, ule mkondo wa pembeni unaopitisha maji ya ziada kabla hayajafika kileleni. Na hapa kuna jambo watu hulielewa kinyume. Mwezi wa Machi maji yakinguruma kwenye utoro, wengi hushtuka na kusema bwawa limefurika, linataka kubomoka. Bwawa hapo linafanya kazi yake sawasawa. La kutisha ni maji kuwa juu huku utoro umezibwa na magogo na majani, au umepunguzwa upana kwa mitego ya samaki, au umeinuliwa kwa mifuko ya mchanga na watu wenye nia njema wanaotaka lambo libaki na maji ya kutosha hadi Oktoba. Nafasi iliyoachwa kati ya usawa wa maji na kilele cha tuta huonekana bure kwa macho ya mtu mwenye shida ya maji, kumbe ndiyo inayolinda tuta lenyewe.

Njia ya pili ndiyo inayonipa hofu zaidi, kwa sababu huanza kimya. Hakuna tuta la udongo lisilovuja. Mkaguzi anayejua kazi yake haulizi kama linavuja. Anauliza maji yanatokea wapi, ni kiasi gani, ni maangavu au yana tope, na yamebadilikaje tangu mwaka jana bwawa lilipokuwa na kina hikihiki. Mvujo mwangavu usiobadilika kwa miaka ni wa kawaida. Mvujo ambao jana ulikuwa mwangavu na leo una tope maana yake maji yanabeba udongo wa tuta lenyewe, chembe kwa chembe, na kuchimba njia inayorudi nyuma kuelekea kwenye bwawa. Njia hiyo ikikutana na maji ya bwawa, muda uliobaki huhesabiwa kwa saa. Huko Idaho, Marekani, bwawa la Teton lenye kimo cha mita 93 lilianza kuonyesha maji ya tope asubuhi ya Juni 5, 1976, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limepasuka. Walikufa watu 11. Wangekufa wengi zaidi kama wahandisi wasingeona tope lile mapema na miji ya chini isingepewa taarifa ya kuondoka.

Katika mabwawa ya miaka ya 1950, sehemu ya kutazamwa kwanza ni bomba la kutolea maji linalopita chini ya tuta. Kushindilia udongo vizuri kuzunguka bomba ni kazi ngumu, kwa hiyo pale huwa na udhaifu tangu siku ya kwanza. Baada ya miongo kadhaa chuma hupata kutu, hutoboka, na maji yenye msukumo huanza kuulowesha udongo kutoka ndani ambako hakuna jicho linalofika. Siku hizi tuta hujengwa na tabaka la mchanga maalumu ndani yake, chujio linalopitisha maji na kuzuia udongo usiondoke nayo. Matuta mengi ya zamani hayakuwekewa. Kwa hiyo mtu akiniambia mabwawa ya wakoloni yalijengwa imara kuliko ya sasa, namwomba atofautishe uhodari wa mafundi na elimu ya wakati wao. Mafundi huenda walikuwa hodari sana. Elimu ya chujio ilikuwa changa, na takwimu za mvua walizotumia kupimia upana wa utoro zilikuwa za miaka michache.

Turudi kwenye maji ya Ziwa Victoria, maana ndiyo yaliyobadilisha hesabu. Mji ulipokuwa ukichota bwawani kila siku, mambo mawili yalikuwa yakitokea bila mtu kuyapanga. La kwanza, kina kilishuka kwa kasi wakati wa kiangazi, hivyo mvua za Novemba zilikuta nafasi kubwa ya kuzipokea. Bwawa lisilochotwa sana huachiwa jua na upepo tu. Jua la Tabora ni kali na hukausha mengi, lakini haliwezi kufanya kazi yake na ya pampu kwa pamoja. Bwawa hilo litaingia msimu likiwa limejaa zaidi, utoro utaanza kupitisha maji mapema, na kila mwaka tuta litakaa muda mrefu zaidi likiwa limebeba maji karibu na kimo chake cha juu. La pili, palikuwa na watu. Fundi wa pampu, mlinzi, mtu wa kusoma kipimo cha kina, wote walipita hapo asubuhi na jioni, na hata kama hawakuitwa wakaguzi, wangejua panapolowa pasipolowa jana. Chanzo kikuu kikihamia mamia ya kilomita kaskazini, ni rahisi kwa mamlaka yoyote ya maji, kwa sababu za kibajeti zinazoeleweka kabisa, kuwapeleka watu hao kwenye mabomba mapya. Yaani mzigo juu ya tuta unaongezeka wakati uleule ambao macho yanapungua. Nasema hili kwa mabwawa yote ya mkoa yaliyo katika hali hiyo au yatakayoifikia, Igombe likiwa mfano ulio karibu nasi.

Wapo wanaonipinga, na hoja zao hazilingani uzito. Nyepesi kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: bwawa limesimama karibu miaka 70, limepita mvua za El Niño za 1997 na 1998, limepita za msimu wa 2023/24, basi limethibitika. Kuna chembe ya ukweli ndani yake. Mabwawa mengi yanayoliwa kutoka ndani hubomoka yakijazwa kwa mara ya kwanza au katika miaka mitano ya mwanzo, kama Teton lilivyobomoka kabla hata halijawahi kujaa. Tuta lililovuka kipindi hicho limetuambia jambo la kweli juu ya udongo wake na msingi wake. Lakini halijatuambia lolote juu ya bomba ambalo kutu yake imeongezeka mwaka huu kuliko mwaka jana, wala juu ya bonde la juu ambalo misitu yake imefyekwa kwa mashamba, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku, hivi kwamba mvua ileile huleta mtiririko wa kasi zaidi pamoja na matope mengi zaidi. Umri ni ushahidi wa mambo ya jana. Mabwawa mawili ya Derna, Libya, yaliyojengwa miaka ya 1970, yalikuwa yamesimama kwa karibu nusu karne hadi usiku wa Septemba 10 kuamkia 11, 2023, kimbunga Daniel kilipoyabomoa na maelfu ya watu wakafa. Ripoti ya ukaguzi wa serikali ya mwaka 2021 ilikuwa imekwisha kusema kuwa fedha za ukarabati zilitengwa 2012 na 2013 na kazi haikufanyika. Julai 2024 mahakama ya huko iliwahukumu maofisa 12 wa zamani na waliokuwa kazini. Mwaka uo huo, Septemba, bwawa la Alau karibu na Maiduguri, Nigeria, la miaka ya 1980, lilibomoka na kuzamisha sehemu kubwa ya mji. Wote hao wangeweza kusema hadi siku ya mwisho kwamba bwawa lao limethibitika.

Hoja ya pili ni nzito, nami naiheshimu. Kuna vijiji ndani ya mkoa huu ambavyo mama bado anaamka saa tisa usiku kwenda kisimani. Kwa nini fedha ziende kukagua tuta ambalo halijamdhuru mtu, wakati zingeweza kuchimba kisima? Jibu langu linaanza kwa kutenganisha ukaguzi na ukarabati, kwa sababu watu huvichanganya na kupata picha ya mabilioni. Ukarabati wa tuta kubwa unaweza kweli kuwa ghali. Ukaguzi wa kawaida ni watu wawili wenye buti, kamba ya kupimia, kamera ya simu, ndoo na saa ya kupimia mvujo, na daftari. Wanapita juu ya kilele wakitafuta nyufa na mahali palipodidimia, wanashuka mteremko wa upande wa maji kuona kama mawe ya kinga yamehama, wanazunguka kitako cha tuta wakitafuta unyevu, wanaukagua utoro, wanafungua na kufunga vali. Mara mbili kwa mwaka inatosha kwa ukaguzi wa namna hiyo: Aprili bwawa likiwa limejaa na mvujo uko kwenye kilele chake, na Septemba au Oktoba maji yakiwa yameshuka na uso wa ndani wa tuta umeonekana. Septemba ina faida nyingine ambayo kila mtu wa Tabora ataielewa. Nyasi zote zimekauka, kila kitu ni rangi ya udongo. Pakiwa na kipande cha kijani kibichi chini ya tuta, maji yapo hapo. Mtaalamu wa kuchunguza kwa undani, mwenye vipimo vya msukumo wa maji ndani ya udongo na wa kupitisha kamera kwenye bomba, anahitajika baada ya miaka kadhaa, au daftari linapoonyesha mabadiliko. Bila daftari hajui aanzie wapi, na hapo ndipo gharama hupanda.

Hoja ya tatu inatoka kwa wapenda mazingira, na inanigusa kwa sababu nami ni mmoja wao. Nilipita kwenye lambo moja la kijiji wilayani Nzega, tuta lake limeota miti minene ya kukumbatiwa. Mzee mmoja akaniambia kwa fahari, "Mwanangu, bila miti hii tuta lingekuwa limeshakwenda na mvua." Nilimwelewa. Katika mkoa unaopoteza misitu, kukata mti popote huonekana dhambi, na shambani mti kweli hushika udongo. Juu ya tuta la bwawa mambo ni mengine. Mizizi hufuata unyevu hadi ndani kabisa, na mti ukifa mizizi huoza na kuacha njia tayari kwa maji. Upepo ukiung'oa mti mkubwa, unaondoka na kipande cha tuta. Kivuli chake huua nyasi, vichaka vyake huficha mvujo, na humo ndimo kenge na nungunungu huchimba mashimo yao. Mchwa nao, ambao kwenye nchi ya miombo hawahitaji mwaliko, hujenga ndani ya tuta vichuguu vyenye vijia virefu. Kinachofaa juu ya tuta ni nyasi fupi zenye mizizi mingi, kama ukoka, zinazofyekwa ili mkaguzi aone ardhi. Miti ipandwe kwa maelfu kwenye bonde la juu, ambako itapunguza matope yanayoingia bwawani. Tahadhari moja: miti mikubwa iliyokwisha kukaa miaka mingi isikatwe ovyo na kuachwa na visiki vyake viozee humo. Kazi hiyo isimamiwe na mhandisi.

Wengine wanasema basi tuyabomoe, tumalize shauri. Siwaungi mkono. Bomba la Ziwa Victoria linategemea umeme, pampu na urefu mkubwa wa mabomba, na chochote kati ya hivyo kikikwama, mji wenye bwawa la akiba utalala tofauti na usio nalo. Tena kuna mifugo, wavuvi na bustani zinazoishi kwa mabwawa haya. Hata atakayeamua kuliondoa bwawa hawezi kulifungulia tu likaisha: maji yakishushwa kwa haraka, udongo wa upande wa ndani hubaki umelowa na mzito bila maji ya kuuegemeza, na mteremko wote unaweza kuporomoka.

Inabaki hofu ya taharuki. Baadhi ya wataalamu huniambia kwamba ukitangaza matokeo ya ukaguzi, watu watasoma neno "ufa" na kukimbia, au wanasiasa watalifanya fimbo. Hofu hiyo si ya kubeza. Lakini taharuki hulelewa na ukimya unaofuatwa na uvumi. Huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo la shamba binafsi lilibomoka usiku wa Mei 9, 2018 na kuua watu wasiopungua 47 waliokuwa majumbani mwao. Mkulima wa majaruba ana haki ya kujua kama utoro ulisafishwa kabla ya mvua, na nani ampigie simu akiona maji ya tope. Akijua hilo anageuka kuwa mlinzi wa tuta asiyelipwa. Pia kuna jambo lisiloandikwa kwenye michoro ya zamani: walipojenga, chini ya tuta palikuwa na mbuga tupu katika sehemu nyingi, leo pana mashamba, njia na nyumba. Bwawa lililokuwa na hatari ndogo limekuwa na hatari kubwa bila kubadilika hata kidogo, kwa sababu sisi ndio tumesogea. Kila ukaguzi unapaswa kumalizikia huko chini, kuhesabu nani anaishi wapi.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtwika mwenye bwawa wajibu wa usalama wake, na kuna wataalamu walioidhinishwa kwa kazi hiyo. Bodi za mabonde zipo: maji ya Igombe huishia Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika, kwa hiyo yamo kwenye bonde ambalo makao ya bodi yake yako Kigoma, wakati maji ya Igunga hushuka kuelekea Wembere na kuingia Bonde la Kati. Pengo ninaloliona liko kwa mwenye bwawa. Kwa bwawa kubwa la mji anajulikana. Kwa lambo la kijiji lililojengwa na mradi uliofungwa zamani, likakabidhiwa kamati ambayo wajumbe wake wengine wamefariki, mwenyewe ni nani? Kazi ya kwanza ya bodi na halmashauri ingekuwa kupita lambo kwa lambo na kumwandika mtu au ofisi inayowajibika, kwa jina la cheo, pamoja na urefu wa tuta, hali ya utoro na watu walio chini yake.

Kwa Igombe, Kazima na mengine ya ukubwa huo, ratiba yenyewe inatusaidia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na ukaguzi wa bwawa likiwa limejaa hufanyika Aprili. Matokeo yake yakiandikwa mwezi uo huo, madiwani wanaweza kuyadai mezani pamoja na mpango wa mwaka unaofuata, na fungu la mlinzi wa tuta, la kufyeka, la kupaka vali mafuta na la kusafisha utoro kabla ya Novemba likasimama peke yake, mbali na fungu la mabomba mapya, ili mwaka wa shida ya fedha ukija lisiwe la kwanza kukatwa.